Mzee wa Ngong Aliuliza Swali Zuri

Mwaka jana niliandika hapahapa kwamba kitabu bora cha safari kilichotoka Afrika Mashariki ni West with the Night cha Beryl Markham. Baadhi yenu mlinipinga, wengine mkakitafuta mkakisoma. Leo nataka kuirudisha nyuma ile kauli, si yote, lakini sehemu kubwa. Kitabu hakijabadilika. Ila nimekisoma tena mwezi uliopita nikiwa nyumbani Lembeni, kati ya zoezi moja la kwaya na lingine, na safari hii kuna kitu nilikuwa nakitafuta ndani yake ambacho zamani sikujua hata kukitafuta.

Mchokozi ni rafiki yangu mmoja wa Dar. Alinisimulia habari za mwimbaji wa Marekani mwenye ndege ndogo ya injini moja, ambaye siku zake za mapumziko anaruka jimbo hadi jimbo kwenda kuimba na kwaya tofautitofauti. Anatua, anaimba nao, anaruka tena. Rafiki yangu anajua nina rafu nzima ya vitabu vya marubani, akaniuliza kama humo yumo mtu wa namna hiyo. Nikamwambia ngoja nitazame. Nikatazama. Wapo wanaoruka kutafuta tembo, wanaoruka kupeleka barua, wanaoruka kuvunja rekodi, na wanaoruka kwa sababu ya mapenzi, hao ndio wengi. Anayeruka ili akakae kwenye mstari na watu asiowajua na kuimba nao, sikumpata hata mmoja.

Nilichopata ni swali. Limo ndani ya Out of Africa cha Karen Blixen, kilichotoka 1937. Blixen na Denys Finch Hatton walikuwa wakiruka juu ya vilima vya Ngong kwa ndege ya Gipsy Moth. Siku moja wametua, mzee wa Kikuyu aitwaye Ndwetti anawauliza kama walifika juu kiasi cha kumwona Mungu. Hapana, hawakumwona. Basi hamkufika juu vya kutosha, anasema mzee. Je, mnadhani ipo siku mtafika? Finch Hatton anajibu kwamba hajui. Mzee anamaliza kwa kusema kwamba kama ni hivyo, yeye haelewi hata kidogo kwa nini wanaendelea kuruka.

Mara ya kwanza niliposoma hapo nilicheka, kama watu wengi wanavyocheka. Nadhani hata Blixen alikiweka kisa kile ili tucheke kidogo, kwa upole. Lakini hebu lisome swali la mzee kama msomaji, siyo kama mtalii. Anauliza kitu ambacho mhakiki yeyote anapaswa kumuuliza mwandishi wa safari: ulikwenda kufanya nini huko? Huyo mzee yumo ndani ya kitabu, na ndiye mhakiki mkali kuliko wote waliowahi kukiandikia. Halafu hajibiwi. Sura inaendelea, mawingu yanaendelea, vilima vinaendelea kuwa vizuri.

(Kwa asiyepajua kwetu: Lembeni iko wilaya ya Mwanga, kwenye barabara kuu ya kutoka Moshi kwenda Same, chini ya milima ya Upare. Reli ya Tanga inapita hapa, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911. Magharibi ni tambarare kavu, na huko ndiko liliko lile bwawa la mto Pangani linaloitwa Nyumba ya Mungu. Mzee Ndwetti angefika huku ningemwonyesha. Na Voi, ambako Finch Hatton alianguka na ndege yake Mei 1931 akafa, ni ng'ambo tu ya milima yetu, ukishavuka mpaka.)

Sasa Markham. Yeye kuruka kwake kuna kazi, na hilo ndilo lililonivutia tangu mwanzo. Kitabu chake cha 1942 kinafunguka na safari ya usiku kutoka Nairobi hadi Nungwe, huku kwetu Tanganyika, mwaka 1935, akipeleka mtungi wa oksijeni kwa mchimba dhahabu aliye mahututi. Mzee wa Ngong asingekuwa na la kusema hapo. Unaruka kwa nini? Kuna mtu hawezi kupumua. Kwa jibu kama hilo ndiyo maana nawaheshimu pia watu kama Michael Wood, yule daktari mpasuaji aliyekuwa akijirushia ndege mwenyewe kwenda kwa wagonjwa, mmoja wa waanzilishi wa AMREF mwaka 1957.

Lakini kadiri Markham anavyoendelea, ardhi inazidi kunyamaza. Kwa kumbukumbu za macho, sijui mwandishi wa kumshinda: vumbi la wanyama likiwa chini ya bawa, kivuli cha ndege kikikimbia mbele yake. Masikioni kuna injini tu. Watu wanaonekana wadogo, kisha hawaonekani. Arap Ruta, aliyekua naye tangu utotoni shambani Njoro na kufanya naye kazi mpaka enzi za uwanja wa ndege Nairobi, yumo karibu kitabu kizima, na nimekisoma mara tatu bado sijui anapenda wimbo gani. Kilele chenyewe ni ile safari ya Septemba 1936, alipovuka Atlantiki kutoka Uingereza akielekea magharibi, saa ishirini na zaidi, peke yake, mpaka akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia. Ujasiri wa hali ya juu. Na upweke wa hali ya juu, ambao kitabu kinatufundisha kuuona kama ndiyo utukufu wenyewe.

Kuna wanaosema si yeye aliyekiandika, bali mume wake wa tatu, Raoul Schumacher. Mjadala ule unanichosha. Ninachosema mimi kinamhusu mwandishi, awe nani.

Naomba niwapeleke Usangi, nitarudi kwa Markham.

Kwaya yetu ilialikwa huko juu. Kwenda Usangi kutoka Lembeni unarudi kwanza Mwanga, halafu unapanda kona kwa kona kupitia Kikweni, na baridi inakupokea kabla ya wenyeji. Tulichangishana nauli ya Coaster wiki tatu. Wapare tunasemwa kwa ubahili, na mweka hazina wetu hafanyi lolote la kuwaumbua wanaosema hivyo. Mimi naimba besi. Nilianza utotoni sauti ya kwanza, sauti ikavunjika, nikahamishiwa nyuma, na nyuma nimebaki.

Wenyeji wetu siku hiyo walikuwa na upungufu wa besi. Wawili walikuwa msibani. Mwalimu wao akaja kwetu kwa adabu kuomba mtu mmoja wa kuwasaidia. Nikasukumwa mimi. Nilikwenda kwa kifua mbele, maana wimbo wenyewe ulitoka kwenye Mwimbieni Bwana, nimeuimba tangu Shule ya Jumapili, solfa yake naijua hata usingizini. Tukaanza. Mstari wa kwanza safi. Mwisho wa mstari wa pili wao wanavuta. Wanavuta kweli, wanaisubiri sauti ya tatu ishuke taratibu kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo kichwani, ndipo wote wanaingia mstari unaofuata. Kwetu hatuvuti. Mimi nikaingia. Peke yangu. Besi peke yake, ndugu zangu, haina heshima yoyote: ni mlio mmoja mzito usio na maana, kama mtu anayesogeza kabati. Kanisa zima likanitazama, na watoto wa mbele wakageuka kabisa na viti vyao.

Shangazi yangu alikuwa upande wa alto wa kwaya yetu, miaka yake sabini na kitu. Alinisubiri nje.

"Baba," akaniambia, "mbona unaimba kama mtu anayesubiriwa na gari?"

Na gari lilikuwa linatusubiri kweli. Dereva alishasema saa kumi awe ameshaanza kushuka, ukungu usimkute kwenye kona.

Wimbo wa pili, ubeti wa kwanza nikafunga mdomo. Karibu yangu alisimama mzee mmoja wa besi wa palepale, na nikagundua kwamba kabla ya kila kuingia bega lake la kushoto linapanda kidogo, anavuta pumzi. Nikaacha kutazama kitabu nikatazama bega. Ubeti wa pili nikaingia chinichini. Wa tatu nilikuwa ndani, na hakuna aliyenitazama tena.

Ndicho ninachokikosa kwa Markham: ule ubeti mzima wa kunyamaza kabla hujaingia kwenye wimbo wa watu. Nimekitafuta. Nimekiona mara moja tu, na ajabu ni kwamba kipo mwanzoni kabisa, palepale Nungwe. Ameshatua, ameshakabidhi oksijeni, kazi imekwisha. Daktari anamwomba akae kidogo na mgonjwa mwingine, mtu anayekufa kwa ile homa ya malaria inayogeuza mkojo kuwa mweusi, kwa sababu anatamani kuongea na mtu aliyetoka nje ya pale. Markham hataki. Ugonjwa unamkera na kumtisha, na hafichi. Lakini anakaa. Wanazungumza habari za mtu wanayemfahamu wote wawili, maneno ya kawaida kabisa, na yeye anamwacha mgonjwa aongoze. Kurasa zile chache, chini, ndani ya kibanda, hazina hata wingu moja, na ndizo kurasa za kitabu ambazo ningeziokoa kwanza moto ukitokea. Mwaka jana sikuzitaja hata kwa neno moja. Niliwaandikia kuhusu Atlantiki.

Mtaniuliza: sasa wewe unamwonea mwandishi kwa kutoandika kitabu unachotaka wewe? Swali la haki. Ndiyo maana namleta shahidi wa kwetu, ambaye naye anasafiri, na anasafiri kwenda kuimba.

Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad. Wengi tulikilazimishwa shuleni tukakichukia. Kirudieni. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, kwenye familia ya wafinyanzi, na aliuza vyungu akitembea hadi mjini, huku akivinadi kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla hawajaviona vyungu vyenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na hakwenda peke yake. Alikwenda na wenzake wa kundi, wapigaji wake. Santuri zile zikarudi na kuenea pwani na bara.

Angalia jinsi safari ilivyo hapo. Masafa ya Unguja hadi Bombay si mchezo, lakini ukifunga kitabu kinachobaki kichwani si meli. Ni sauti, na watu waliokaa kuisikiliza. Shaaban Robert ana kasoro zake: anamsifu Siti mpaka wakati mwingine anamfunika, na kila tukio analitafutia funzo lake. Ningempunguzia sifa robo nzima. Lakini swali la mzee wa Ngong kwake halipati hata nafasi ya kuulizwa. Ulikwenda kufanya nini? Kuimba. Na nani? Na hawa. Mbele ya nani? Ya hawa. Kila safari ya Siti, hata ile ya miguu ya kutoka Fumba na chungu kichwani, ina mtu wa upande wa pili.

Na hapo ndipo nilipoanza kumfikiria upya yule Mmarekani. Mwanzoni nilimwona kama Markham mwenye sauti nzuri, tajiri mwenye mchezo wake. Halafu nikajiuliza: anawezaje kutua kwenye mji asioujua na jioni hiyohiyo akaimba na watu sauti nne? Ndege haiwezi kukufanyia hilo. Kinachomwezesha ni kitu cha zamani na cha bei nafuu kuliko ndege.

Wamarekani wanaoimba mtindo wa barbershop, wenye chama chao kilichoanzia Tulsa mwaka 1938, wana nyimbo chache za pamoja ambazo kila mwanachama anatarajiwa kuzijua, sauti yake kwa uhakika. Wimbo wenyewe hauko sauti ya juu kama kwetu. Uko sauti ya pili, na moja inaupanda juu yake. Ukijua sehemu yako, watatu wowote wanakutosha. Kusini mwa Marekani kuna wengine wanaoimba kutoka kitabu kiitwacho The Sacred Harp, cha 1844, na hao huenda mji hadi mji kukutana. Wanakaa pande nne wakitazamana, kiongozi anasimama katikati, na kabla ya maneno wanaimba kwanza majina ya sauti, fa, sol, la.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana ni sisi kabisa. Jumanne jioni Lembeni, umeme ukiwepo au usiwepo, wimbo mpya tunauanza kwa solfa: d, r, m, f, s, l, t ubaoni kwa chaki, maneno baadaye. Njia hiyo ilianzia kwa mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, mchungaji John Curwen akaieneza Uingereza kuanzia miaka ya 1840, wamisionari na walimu wakaisambaza mpaka ikafika kwenye vilima ambavyo Norwich hawakuvijua. Herufi saba. Kwa herufi hizo saba mtu wa Lembeni anapanda Usangi na kukaa kwenye mstari wa wageni. Bado atakosea mwisho wa mstari wa pili, lakini atakosea akiwa amekaa nao.

Mipaka ipo. Upare ya Kusini Waadventista wapo tangu 1903, nao wana Nyimbo za Kristo yao, na wanaabudu Jumamosi. Kuna nyimbo tunazoshirikiana nao tuni na tukapishana maneno, na ukichanganya unajikuta unaimba neno lako katikati ya lao. Lakini hebu fikiria kama mwimbaji mwenye ndege: Jumamosi uko Same kwa Wasabato, Jumapili uko Usangi kwa Walutheri, hujapoteza siku hata moja ya wikiendi.

Gregory Barz, mtafiti Mmarekani, aliandika kitabu kizima kuhusu kwaya za Tanzania, Performing Religion cha 2003, na jambo alilolishika vizuri ni kwamba kwaya kwetu ni jamii, si kundi la kuimba tu. Ina mwenyekiti, mweka hazina, michango, wagonjwa wa kutembelea, misiba. Namwamini, ingawa kama kitabu cha kusoma kwa raha kinachosha. Ni cha kitaaluma, na hakifichi. Ninachongoja ni mtu aandike kwa Kiswahili, kwa mkono wa msimulizi, safari moja tu ya kwaya: nani alikaa kiti cha mbele cha Coaster, nani alitapika kwenye kona, nani aliingia kabla ya wenzake.

Basi nikamjibu rafiki yangu. Nikamwambia kwenye rafu yangu hayumo, na kama yule bwana ataandika kitabu nitakinunua siku ya kwanza, kwa sharti moja: mawingu asizidi kurasa kumi. Nataka kusoma kuhusu dakika ile anayoingia ukumbini na watu wameshajipanga, na yeye hajui asimame wapi. Nataka kujua alitazama bega la nani.

Jioni hiyo nikamsimulia shangazi. Alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo, ya makande. Nikamweleza yote: ndege, majimbo, kwaya, kutua na kuruka. Alisikiliza bila kuinua uso, anatupa vijiwe pembeni.

"Anaimba sauti ya ngapi?"

Nikamwambia rafiki yangu hakusema.

"Na akimaliza kuimba analala kwao?"

"Kwa nilivyosikia, anaondoka siku hiyohiyo, shangazi. Ndege iko palepale."

Akasimamisha mkono juu ya ungo.

"Wamempikia," akasema. "Halafu?"